Mkesha mmoja haumtoi kijana kwenye unga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na makanisa yetu ya Dar es Salaam, la kwangu likiwemo, juu ya vijana wa unga.

Mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka 9, aliingia kwenye heroini akiwa na miaka 19. Aliuza mtungi wa gesi, akauza masufuria, mwisho akang'oa bati za banda la kuku. Tulimpeleka kwenye mkesha siku ya Ijumaa. Akawekewa mikono, akalia, nasi tukalia naye. Jumapili akatoa ushuhuda, kanisa zima likasimama kwa vigelegele. Jumatano nikamkuta kijiweni.

Wapo waliosema alituigizia. Mimi nilimwona akilia na najua hakuigiza. Ila arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga, ilimkuta saa nane za usiku akiwa peke yake chumbani, mifupa inamuuma, anatapika, anaharisha, na muuzaji anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sisi tuliomwombea tulikuwa tumelala.

Habari za David Wilkerson wengi tumezisikia mimbarani. Alikuwa mchungaji wa mji mdogo wa Philipsburg, Pennsylvania, na mwaka 1958 alikwenda New York kuwatafuta vijana wa magenge. Genge moja la Brooklyn lilijiita Mau Maus, jina walilolichukua kwa wapiganaji wa Kenya, na kiongozi wake, Nicky Cruz kutoka Puerto Rico, aliokoka mwaka huohuo. Wahubiri wengi huishia hapo. Wangeendelea kidogo tu wangefika kwenye nyumba. Wilkerson alikuwa ameona kwamba kijana anayeokoka barabarani akirudi kulala barabarani hana pa kushikia, na mwaka 1960 ikapatikana nyumba katika mtaa wa Clinton Avenue, hukohuko Brooklyn, vijana wakaishi humo pamoja na walezi wao. Mwaka 1962 likafuata shamba la Rehrersburg, Pennsylvania, mbali na vijiwe vyao. Ndiyo Teen Challenge, huduma ya Kikristo ya kuwatoa watu kwenye dawa za kulevya, ambayo vituo vyake vingi hadi leo humweka mtu mwaka mzima au zaidi.

Mwanangu naye alikaa miezi 12 kwenye nyumba ya Kikristo, nje ya mji. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri, wanasali, wanamwagilia bustani, wanapika kwa zamu. Mlezi wao alikuwa teja zamani, kwa hiyo hadanganyiki. Simu hakuna miezi mitatu ya mwanzo. Nilipomtembelea mara ya pili alinipikia maharage, akaniosha mikono kabla ya kula, nikashindwa kumeza. Mtoto huyu alikuwa hajaniangalia usoni miaka minne. Humo ndimo alimojifunza kuchomelea, na leo ana mwaka wa pili hajagusa unga.

Nisieleweke kwamba kila nyumba ni njema. Zipo zinazofunga watoto minyororo na kuwachapa, zikaita hayo maombi, na hizo serikali izikague na kuzifunga. Wala sikubaliani na mchungaji anayemwambia mgonjwa aache methadoni, dawa ya kliniki inayotuliza arosto ya heroini, kwa sababu "imani inatosha". Kliniki ya Muhimbili imekuwa ikitoa dawa hiyo tangu 2011, na baadaye zikafunguliwa nyingine Mwananyamala na Temeke. Kijana anaweza kunywa dawa yake asubuhi na kusali jioni.

Kinachonitoa machozi zaidi ni siku ya kurudi. Alipotoka, mafundi watatu wa usharika wetu walimkataa kazini. Kwenye ibada, mama mmoja alihamisha mkoba wake alipoona anakaa karibu. Mwaka mzima wa watu wengine kumjenga, nasi tulitaka kuubomoa kwa Jumapili mbili. Fundi aliyempokea hatimaye ni Mwislamu, jirani yetu, na Mungu ambariki.

Kwa hiyo ombi langu kwa mabaraza ya wazee ni hili. Tunachanga mamilioni kununua vipaza sauti na viti vya mikutano. Fedha hiyo hata nusu yake ikipangiwa nyumba ya vijana wanane, mlezi mmoja anayelipwa mshahara, na nauli ya kuwapeleka kliniki, itakwenda mbali. Na kila fundi, mwenye gereji au mwenye duka aliyemo kanisani aandikwe jina, kwamba kijana mmoja akitoka atampokea.

Nyuma ya kanisa letu ipo nyumba ya mwinjilisti ya vyumba vinne, imefungwa tangu alipohamishwa. Paa ni zima, maji yapo. Nimeshamwandikia mwenyekiti wa baraza kuiomba. Ikifunguliwa, Jumatatu na Alhamisi nitapika mimi.

Mama mlezi,
Temeke, Dar es Salaam