Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Baraza Letu la Hewani

Ndugu wanachama, assalamu alaikum. Nawasalimu nyote, wa Lamu mjini, Shela, Pate na Malindi.

Hesabu mmeshasomewa na mweka hazina, na leseni zetu kutoka Mamlaka ya Mawasiliano katibu atazieleza. Mimi nitasema zaidi juu ya baraza la kila Jumamosi, mkutano wetu wa hewani sisi watu wa redio ya ridhaa, yaani tunaowasiliana kwa mitambo yetu wenyewe bila malipo, maana ndilo linalotukutanisha sisi tuliotengwa na maji na barabara ndefu.

Saa kumi na moja jioni, kwenye masafa ya mita 40, msimamizi hufungua na kuwaita walioko wabishe hodi. Hapo huingia kimya. Kila mtu anampisha mwenzake kwa adabu. Kisha wawili wanabonyeza kitufe cha kusemea kwa pamoja, na kinachosikika ni mkoromo mtupu. Wanaachia, kila mmoja anamngoja mwingine, halafu wanabisha tena kwa pamoja! Nimecheka mara nyingi kwa hili, na sitaki likome kabisa, kwa kuwa limetokana na heshima.

Mzee wetu wa Shela hutangulia kutoa habari za upepo, kama kusi imeamka au imelala na kama maji ya Manda yamechafuka, ndipo ataje alama yake ya wito, yaani herufi na tarakimu zinazomtambulisha hewani. Bi mmoja wa Malindi hamsalimu msimamizi peke yake. Huwapitia wote waliokwisha kuingia, mmoja mmoja, na nyumba zao. Ndugu mwingine husema, "Leo sina neno," na anayesikia hivyo huenda akamimina chai, kwani neno linaanza hapo. Atatuaga kwa sabini na tatu, salamu ya watu wa telegrafu, kisha akumbuke jambo jingine, aage tena, na akumbuke tena.

Katika kutaja herufi, alfabeti ya kimataifa inataka Z ya 5Z4, mwanzo wa alama zetu za Kenya, iitwe Zulu, lakini wengi wetu husema Zanzibar. Wengine wameongeza M kama Mkunguni na K kama Kiwayu. Baina yetu ni vizuri, tena husikika upesi zaidi. Akiingia mgeni wa mbali, tafadhalini turudi kwenye Alfa na Bravo. Daftari nalo liandikwe kwa saa za kimataifa: saa kumi na moja yetu ya jioni ni 14:00, nami nimeona kurasa zenye saa za aina tatu kwa baraza moja.

Jambo moja nalipinga waziwazi. Tumezoea kumpa kila mtu tano-tisa, yaani maneno yanasikika wazi na mawimbi yana nguvu, kisha hapo hapo tunamwomba arudie jina lake mara tatu. Mwenzako amepanda juu ya boriti ya mkoko kufunga upya waya wake wa antena wa mita 20, au amekata kiungo cha kebo kilicholiwa na chumvi. Alama unayompa ndiyo itakayomwambia kama kazi yake imefaa. Akiwa tatu-nne, mwambie tatu-nne.

La pili ni muda. Jua likishatua, tabaka la chini la anga linalonyonya mawimbi mchana hutoweka, na stesheni za mbali hutufunika. Ndiyo maana nawaomba wenye maneno mengi wayaseme baada ya orodha ya waliobisha hodi kukamilika, ili wenye betri ndogo na wanaowahi sala ya magharibi wapate zamu yao kwanza.

Baadhi yenu mmependekeza tufute salamu na habari za upepo, ibaki alama ya wito tu. Nakataa. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipovipiga visiwa vya Andaman huko India, simu zilikatika. Bharathi Prasad na wenzake, waliokuwa Port Blair kwa shughuli za redio ya ridhaa, walipeleka habari za watu kwa mitambo yao. Mawimbi hayo yalifika hata pwani yetu siku hiyo hiyo. Siku kama ile tutahitaji kujua upesi ni nani hajasikika, na sauti ya nani imebadilika. Mzee wa Shela asipotaja upepo, mimi nitampigia simu kabla baraza halijafungwa.

Ninachopendekeza ni kidogo: kila anayemaliza aachie kitufe, na anayefuata ahesabu mpaka tatu kabla ya kubonyeza. Nafasi hiyo inamtosha mwenye jambo la dharura kuingia. Pia tukague vitufe vya maikrofoni, kwani mwaka huu kimoja kilinasa na tukasikiliza jogoo wa mwenzetu hadi msimamizi alipomtuma kijana kumgongea mlango.

Tutapiga kura juu ya hilo leo. Usimamizi wa baraza kuanzia mwezi ujao uko wazi, na ningefurahi sana zamu ya kwanza ikichukuliwa na mmoja wa vijana waliopata leseni mwaka huu. Katibu anayo karatasi ya majina.