Tuzuru Kaya Kinondo kwa adabu

Mhariri,

Wengi wanaovuka feri ya Likoni kwenda Diani huishia ufuoni, ilhali Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, uko jirani kabisa. Humo mgeni hutembea kwa miguu akiongozwa na mwenyeji, amejifunga kaniki, wala haruhusiwi kuondoka na chochote, hata jani. Wenye pikipiki, ambao baadhi yao hudhani kila njia ni yao, waziache mbali, kwani mngurumo huwatimua mbega kabla hatujawaona. Walimu wanaoandaa ziara nao wawaeleze wanafunzi masharti hayo kabla ya kupanda basi.

Mkazi wa Likoni,
Mombasa