Kadi za harusi zisomeke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya kadi za harusi hapa Lamu, ambazo siku hizi nyingi hupigwa chapa kwa fonti za mwandiko wa mapambo, zile ambazo herufi zake zimelala upande na kushikana kana kwamba zimeandikwa kwa kalamu ya unyoya.

Mwezi uliopita tuliletewa kadi ya namna hiyo nyumbani kwetu Mkomani. Karamu ilikuwa saa 7, lakini ule mstari wa juu wa tarakimu, mwembamba kama unywele, ulikuwa umepotea katika uchapishaji, basi mama akasoma saa 1. Alipofika jioni na kanga yake ya zawadi, akakuta mikeka inakunjwa. Alirudi kimya, nami niliumia sana kwa ajili yake.

Silaumu fonti, maana fonti hizi ni kazi ya ustadi mkubwa. Bickham Script, kwa mfano, ilibuniwa na Richard Lipton mwaka 1997 kwa kufuata mwandiko wa mabingwa wa karne ya 18 kama ulivyochongwa kwenye bamba za shaba na Mwingereza George Bickham. Mwandiko huo ni wa kalamu yenye ncha laini: mkono ukishuka na kukandamiza, mstari hunenepa; ukipanda, hukonda. Wembamba huo ndio uzuri wake, na ndio unaotoweka herufi zikifanywa ndogo au kadi ikitolewa fotokopi.

Kosa jingine ni kuandika jina zima kwa herufi kubwa. Katika fonti hizi herufi kubwa imechorwa isimame peke yake mwanzoni mwa neno, na shungi lake, yaani ule mkunjo wake wa pambo, lipate nafasi. Zikipangwa saba pamoja, mashungi hugongana na jina la bibi harusi halisomeki. Wengine hutanua nafasi baina ya herufi, wakakata viungo vinavyozishikanisha.

Tena lugha yetu inafaa mno kwa mwandiko huu, jambo ambalo sijasikia likisemwa. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na fonti kadhaa zina maumbo maalumu ya herufi ya mwisho, yenye mkia mrefu. Tazama neno “Karibuni” au “Furaha” likiandikwa hivyo, kwa herufi kubwa moja tu mwanzoni: ile irabu ya mwisho hujinyoosha kama tanga lililopata upepo.

Kwa hiyo nawaomba wapiga chapa wetu majina ya maharusi wayaandike kwa mapambo, makubwa, yakae katikati ya kadi. Siku, saa, msikiti na nyumba ya karamu waviandike kwa herufi za kawaida zilizosimama. Na kabla ya kuchapa mamia, watoe nakala moja wampe mtu mzima aisome kwa sauti, saa kwanza.

Wako mtiifu,
Msomaji, Mkomani, Lamu