Mtafiti wa Majimaji naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako. Makala yenu ya kumbukumbu ya mashujaa, inayofanyika Songea kila Februari, ilisema watu wapatao 300,000 walikufa katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, "kwa mujibu wa wanahistoria". Wanahistoria gani hao? Makadirio ya 250,000 hadi 300,000 ni ya Mtanzania mwenzetu, Gilbert Gwassa, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973 kwa utafiti wa vita hivyo. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa 75,000.

Nimefundisha Historia hapa Kilwa hadi nikastaafu. Wanafunzi wangu walimjua Gavana von Götzen wa Wajerumani, na Kinjikitile, mganga aliyegawa maji ya kukinga risasi, walimjua. Ukiwauliza Gwassa, wanatazamana. Na huyo ndiye aliyekwenda Umatumbi, huku huku Kilwa vita vilikoanzia, miaka ya 1960 kuwahoji wazee walioviona vita kwa macho yao. Kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa ameshafika 78 mwaka 1968, chuo kilipowatuma wanafunzi wake nao vijijini kuandika masimulizi. Wangechelewa kidogo tu, wangekuta makaburi.

Maofisa wengi wa Kijerumani waliwasukumia waganga lawama yote. Wazee waliohojiwa walieleza shamba la pamba la lazima, na viboko vya akida, wasimamizi wa serikali ya Wajerumani. Wakataja hata waliotangulia kung'oa mashina ya pamba pale Nandete, Julai 1905: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Darasani nilipoyataja majina hayo, watoto wa Kipatimu, huko huko Umatumbi, waliacha soga zao mara moja.

Wapo wanahistoria waliokuja baadaye, kama Thaddeus Sunseri, wakasema wasomi wa Dar es Salaam walivipaka vita hivyo rangi ya utaifa kupita kiasi. Hoja wanayo, tena nzito. Uhuru ulikuwa bado mbichi na kila mtu alitafuta mashujaa. Lakini masimulizi yale hayana mbadala, wasimuliaji wote wameshazikwa.

Basi waandishi wenu wakirudi Songea mwezi Februari, wamtaje Gwassa kwa jina. Na wizara ichapishe masimulizi yale kwa Kiswahili, kitabu cha bei ya mwananchi, kianzie maktaba za sekondari za Kilwa, Rufiji na Songea. Vitukuu wa wazee waliohojiwa wanasoma humo.

Mwalimu mstaafu,
Kilwa Masoko