Kwa wanangu wa jua kali: msifunge ndoa na rangi ya mashine

Wanangu wa Kariobangi, Kamukunji na Gikomba, nanyi mnaochonga samani kando ya Ngong Road, hamjambo?

Mimi ni mchomeleaji wa zamani. Mageti yangu bado yanafunguka na kufungwa Umoja, Buruburu na Dandora, ingawa macho yangu yamechoka na siku hizi nakaa benchi nikiwatazama nyinyi. Wiki iliyopita niliona jambo ambalo limeninyima raha, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kijana mmoja wa bandani kwetu, fundi mzuri kweli, grinda yake, ile mashine ya kukatia chuma, ilizima saa nne asubuhi. Kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zilikuwa zimeisha. Jirani yake akamnyooshea ya kwake amalizie dirisha la mteja aliyekuwa amesimama pale pale. Kijana akakataa. Mashine haikuwa ya rangi anayoiamini, yaani ya chapa yake. Akapanda matatu kwenda mjini kutafuta kaboni za chapa yake, akarudi saa tisa, na mteja alikuwa ameshachukua kipimo chake akaenda kibanda cha tatu. Jioni yule kijana alikuwa bado anaitetea ile chapa kama mtu anayetetea mamake.

Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu: "Mzee, aliyenifundisha hakutumia nyingine." Jibu hilo nalijua, kwa sababu nililibeba mwenyewe miaka mingi. Mwalimu wangu naye alikuwa na chapa moja. Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba duka la spea za chapa ile lilikuwa hatua chache kutoka kibandani petu. Kaboni zikiisha, alimtuma mtoto, na chai kabla haijapoa mashine inanguruma. Duka likafungwa, mwalimu akastaafu, mimi nikaendelea kununua jina lile lile na kusubiri spea siku tatu, siku nne. Nilirithi mapenzi yake, sikurithi sababu yake.

Simdharau mtengenezaji yeyote. Bosch ilianza Stuttgart mwaka 1886, Makita ikaanza Nagoya mwaka 1915, DeWalt ikaanzia Marekani mwaka 1924. Hizo ni kampuni zilizofanya kazi, na heshima yao ni yao. Lakini jina hubaki kwenye boksi hata mwenye nyumba akibadilika. DeWalt ilinunuliwa na Black & Decker mwaka 1960, na Black & Decker nayo ikaungana na Stanley mwaka 2010. Milwaukee ina jina la mji wa Marekani, lakini tangu 2005 mwenyewe ni kampuni ya Hong Kong. Na hata ndani ya jina moja kuna ngazi: Bosch ya buluu imetengenezewa fundi wa kila siku, ya kijani ni ya mtu anayetoboa ukuta wa nyumba yake mara moja moja. Kwa hiyo ukiniambia wewe ni mtu wa Bosch, bado hujaniambia umenunua nini.

Sasa niwaambie lililoniuma. Mwaka 2011 nilipata kazi ya mageti sita, nikaenda mjini kununua grinda mpya ya jina nililoliamini. Sitalitaja, maana kampuni yenyewe haikunikosea. Boksi lilikuwa safi, maandishi yamekaa sawa, bei imeshuka kidogo tu. Ingeshuka sana ningeshtuka. Wiki ya tatu, nikikata skweya tyubu, nikasikia harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi ukatoka kwenye matundu ya ubavuni. Nikaipeleka kwa fundi wa kurewaindi mota, yaani kuzisuka upya nyaya zake. Akaifungua, akachukua ncha ya kisu, akakwangua waya wa koili taratibu. Juu ulikuwa na rangi ya shaba. Chini ukang'aa mweupe: alumini. Akanitazama, akasema, "Mzee, hapa ulinunua stika." Mageti mawili kati ya sita niliyamalizia kwa msumeno wa mkono, usiku, kwa taa ya chemli, maana mteja alikuwa na tarehe yake.

Tangu siku hiyo nimejua kwamba anayetengeneza feki haangaiki kuiga mashine isiyojulikana. Anaiga ile unayoipenda bila kuuliza maswali. Anajua utaingia dukani, utaona rangi yako, utatoa pesa. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia tunayo tangu 2008, na KEBS, shirika la viwango, wapo, lakini anayefungua boksi pale kaunta ni wewe.

Basi ukienda dukani, mwambie muuzaji akutolee kwanza kaboni za mashine hiyo, na swichi yake. Akikwambia zitakuja, hiyo mashine mwachie mpaka zije. Kisha iwashe bila kukata chochote, uisikilize, uizime, uone inavyojizungusha mpaka isimame. Ikikwama ghafla au ikikwaruza, beringi zake hazijakaa vizuri. Mkiangukia mashine kuukuu za Uingereza zenye plagi ya njano, kumbukeni zile ni za volti 110 na umeme wetu ni 240. Nimeona vijana wakikata plagi ile na kufunga yetu, wakaichoma mota nzuri kabisa ndani ya dakika moja.

Na disiki! Mnagombana kuhusu jina la grinda halafu mnaifunga disiki yoyote mliyookota. Ile pete ya chuma katikati ya disiki ina tarehe. Disiki za kukatia hupewa miaka 3, baada ya hapo gundi yake haiaminiki tena. Grinda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka mara 11,000 kwa dakika au zaidi, na ile kubwa ya inchi tisa kama 6,600 tu. Mtu anayevua kinga ya grinda ndogo ili aingize disiki kubwa, ambayo haikutengenezewa mwendo huo, anacheza na uso wake. Nimemsindikiza mwenzangu hospitali ya Kenyatta kwa sababu hiyo, na jicho halikurudi.

Mahali pamoja tu nakubali mtu ashikamane na jina: mashine za betri. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya nyingine, kwa hiyo ukianza na moja utabaki nayo, la sivyo utajaza kibanda chaja. Hapo chagua polepole. Uliza bei ya betri peke yake kabla ya kuuliza bei ya drili, kwa sababu ndiyo utakayoinunua tena. Wala usidanganywe kwamba ya volti 20 inashinda ya 18. Ndani mna seli 5 zilezile: zikitoka kwenye chaji kila moja ina volti 4, zikianza kazi zinatulia kwenye 3.6. Mmoja ameandika hesabu ya kwanza, mwingine ya pili.

Mimi nilijifunza kazi Kamukunji, juani, juu ya kipande cha reli. Tindo zetu tulizifua kutoka springi ya lori. Hakuna kilichokuwa na jina, na masanduku tuliyoyapiga pale yalisafiri na watoto shule za bweni nchi nzima. Mwalimu wangu alipostaafu aliniachia kile kipande cha reli, urefu wake kama futi mbili na nusu, katikati pamebonyea kwa nyundo za watu watatu au wanne walionitangulia.

Bado kipo, chini ya benchi, upande wa mlango. Mkono wangu hauinui tena nyundo ya kilo mbili. Kijana anayeanza, ambaye bado hana hata mashine moja, aje akichukue. Aje na mwenzake, na mkokoteni, maana ni kizito.

Mzee wenu,
Kariobangi