Mtu wa miraba minne anayejiona kimbaumbau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie maradhi yanayowasibu vijana wetu wanaotunisha misuli, maradhi ambayo sisi tunaowafundisha tumeyachochea kwa miaka mingi pasipo kujua, na ambayo magazeti huyapita kila yanapochapisha picha za washindi na kueleza walikula nini na walinyanyua kilo ngapi. Mimi ni mwalimu wa mazoezi ya vyuma hapa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi hii. Nilianza na makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa kipande cha bomba, chini ya mwembe. Leo nina chumba cha bati, mabenchi sita na kioo kirefu kilichofunika ukuta mmoja mzima.

Miaka minne iliyopita alikuja kwangu kijana wa miaka 19 aliyechoka kuitwa kimbaumbau mtaani kwao. Alikuwa na bidii ambayo mwalimu yeyote angeiombea. Kabla miaka mitatu haijatimia alikuwa mtu wa miraba minne, mabega yakimlazimu kuingia mlangoni kwa ubavu, na watoto wakimfuata barabarani wakimwita baunsa. Basi ni wakati huohuo alipoanza kuvaa sweta. Mwezi Februari, saa nane mchana, bati likiwaka juu ya vichwa vyetu, yeye alikuwa na fulana mbili na juu yake sweta zito la mikono mirefu, jasho likimdondoka hadi sakafuni. Nilidhani anakata mafuta, kama wengi wanavyoamini. Siku moja nikamwomba alivue, maana nilihofu ataanguka kwa joto, naye akanijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wataona nilivyopungua." Nikachukua utepe wa fundi cherehani, nikampima mkono yeye mwenyewe akitazama. Sentimita 46. Akasema utepe umelegea. Nikaukaza mpaka ukaacha alama kwenye ngozi, nikampima tena. Akasema basi hayo ni maji tu, nyama hakuna.

Nilimcheka siku ile, Mhariri, na kicheko kile kinaniuma hadi leo, kwa sababu kijana yule hakuwa akijivunga ili asifiwe. Alikuwa akinieleza kile ambacho macho yake yalimwonyesha.

Hali hii ina jina, na imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1993 Dakta Harrison Pope wa Hospitali ya McLean, jirani na Boston nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwahoji wanaume 108 wanaotunisha misuli. Tisa kati yao, wote wakiwa na miili mikubwa, waliamini kwa dhati kwamba ni wadogo na dhaifu. Walikataa mialiko, walikwepa kwenda ufukweni, na walivaa nguo nzito katikati ya kiangazi ili umbo lao lisionekane. Niliposoma habari hiyo ya sweta za Marekani nilisimama kidogo, kwa maana niliyaona yaleyale chini ya bati la Tanga. Watafiti wale waliiita kwanza anoreksia ya kinyume, wakiilinganisha na maradhi ya msichana aliyebaki mifupa mitupu na bado anajiona mnene. Mwaka 1997 wakaipa jina la dismofia ya misuli, na tangu 2013 mwongozo wa maradhi ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani unaitambua kuwa ni namna mojawapo ya ugonjwa wa mtu kuona kasoro mwilini mwake ambayo wengine hawaioni, au wanaiona kuwa ndogo mno.

Sitaki nieleweke kwamba kila anayejituma ni mgonjwa. Nimefundisha mamia ya watu, na wengi wao ni watu timamu wanaopenda kazi yao. Mwanamichezo aliyejitoa hula kwa kipimo, hulala mapema, hujinyima wiki za mwisho kabla ya mashindano, lakini yakiisha hurudi kwenye sahani ya nyumbani na kulala siku tatu bila kugusa chuma. Kijana wangu hakuweza. Dada yake alipofunga ndoa hakuhudhuria nikahi, kwa sababu ilikuwa siku yake ya mazoezi ya miguu. Katika mwezi wa Ramadhani mama yake aliandaa futari na yeye akaketi peke yake ukumbini na bakuli la kuku wa kuchemsha na mizani ndogo ya jikoni, akipima wali. Alijitazama kwenye kioo changu kila baada ya seti, kisha kwenye dirisha la duka la jirani, kisha kwenye kioo cha pikipiki yake. Aliacha kazi ya bandarini iliyomlipa vizuri kwa kuwa zamu zake zilimnyima saa mbili za mazoezi. Hapo ndipo penye tofauti, kwa maoni yangu: yule wa kwanza anayatumia mazoezi, na huyu wa pili anatumikishwa nayo.

Na sisi tulimsifia. Hili ndilo linalonisukuma niandike. Tulimpigia makofi alipoikacha harusi, tukasema huyo ndiye mwenye nidhamu, igeni mfano wake. Nilibandika picha yake ukutani. Sifa zile hazikumfaa kitu, kwa kuwa mgonjwa wa aina hii akiambiwa ni mkubwa hudhani analiwazwa, na akinyamaziwa hudhani watu wameona kapungua. Kilichobaki kikamwingia ni kwamba mwenendo wake ndio unaotakiwa.

Huenda msomaji akauliza vipimo hivi vya ukubwa wa mwili vinatoka wapi. Sehemu moja vinatoka kwenye mchezo wenyewe. Frank Zane alinyakua taji la Mr. Olympia, shindano kubwa la dunia la watunisha misuli, mwaka 1977, 1978 na 1979 akiwa na uzito usiofika kilo 90. Ronnie Coleman alilitetea taji hilohilo mwaka 2003 akiwa na takriban kilo 130. Ndani ya kizazi kimoja kipimo cha ushindi kimesogea mbali mno, na kijana wa leo anayetazama picha hizo kwenye simu haambiwi kwamba chakula na chuma peke yake havimfikishi huko. Anajilaumu. Kisha anatokea mtu pembeni ya benchi na kichupa.

Kuhusu kichupa hicho nitasema wazi, maana tumezoea kunong'ona. "Anatumia," tunasema, na mazungumzo yanaishia hapo. Anachotumia mara nyingi ni testosteroni, yaani homoni ya kiume, au dawa za jamii yake, dawa ambazo daktari huwaandikia wagonjwa maalumu kwa kipimo maalumu, na ambazo jimuni huchomwa kwa kipimo kinachozidi hicho mara nyingi. Mwili ukipokea homoni kutoka nje hufunga kiwanda chake: korodani husinyaa na mbegu za uzazi hupungua au kukatika. Sehemu ya homoni hiyo hugeuka kuwa homoni ya kike, na mwanamume akaota matiti. Misuli ya moyo hunenepa, mafuta mazuri ya damu hushuka, na vidonge vingi vya aina hii huumiza ini. Mtu akiacha ghafla, miezi inaweza kupita kabla kiwanda hakijaamka, na katika miezi hiyo humwingia sonona nzito wakati misuli nayo inapungua kweli, yaani hofu yake kuu inatimia mbele ya macho yake. Ndiyo maana wengi hurudia sindano. Andreas Münzer wa Austria, mmoja wa watunisha misuli mashuhuri wa zama zake, alifariki Machi 1996 akiwa na miaka 31, viungo vya ndani vikiwa vimeharibika.

Najua wapo watakaosema huu ni ulimbukeni wa vijana na tamaa ya kupendwa na wanawake. Pope na wenzake walilipima hilo pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, vijana wa kiume wa Austria, Ufaransa na Marekani walionyeshwa picha za miili na kuulizwa wangetamani upi. Wakachagua mwili wenye misuli inayozidi yao kwa takriban kilo 13, wakiamini wanawake wanapenda mwili mkubwa zaidi ya huo. Wanawake walipoulizwa wenyewe, walichagua mwili wa mwanamume wa kawaida. Kwa hiyo hata huyo mwanamke ambaye kijana anasemekana kumtafuta hayupo.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni kwamba tujifunze kuuliza. Mtu akianza kujificha ndani ya nguo nzito, akikosa misiba na harusi kwa ajili ya ratiba, akifanya mazoezi juu ya jeraha, tumvute kando tumuulize anaona nini anapojitazama, kisha tusibishane naye kwa utepe kama nilivyofanya mimi. Tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia yanayolenga fikra na mienendo, na kwa wengine dawa zilezile zinazotibu sonona. Daktari aambiwe ukweli kuhusu sindano, asifichwe. Na anayeuza vichupa ndani ya jimu afukuzwe, hata kama ndiye mteja anayelipa kodi ya chumba. Kwako Mhariri, mwandishi wako wa michezo akimhoji bingwa, amuulize pia kuhusu dawa, na amuulize anapumzika lini.

Kijana wangu alikubali kwenda hospitali ya mkoa mwezi wa tano, baada ya mama yake kuja jimuni na kukaa kwenye benchi langu mpaka alipomaliza seti ya mwisho. Picha yake nimeibandua, na kioo nimekifunika kwa turubai upande anaofanyia mazoezi. Huja Jumanne na Ijumaa, dakika 50 kama alivyopatana na mtaalamu wake, kisha huondoka. Sweta bado analivaa.

Wako,
Mwalimu wa mazoezi ya vyuma,
Tanga