Barua kwa Wazazi na Walezi ya Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA KAZI ZA MIKONO ZA WATOTO

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Tunawashukuru kwa ushirikiano wa muhula mzima. Ripoti za maendeleo wamekabidhiwa watoto pamoja na barua hii, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti. Wenye michango ya chakula iliyobaki waikamilishe kabla ya siku hiyo.

Lililonifanya niandike kwa kirefu ni ile bahasha ya kaki atakayokuja nayo mwanao. Ndani mna michoro ya mkaa, na baadhi wana mikufu na bangili walizotengeneza wenyewe vipindi vya alasiri. Naomba visiishie kuwashia jiko.

Mzazi mmoja aliniuliza kikaoni, "Mwalimu, hivi vitauzwa wapi?" Namwelewa, maana mji wetu wa Mwanza ni wa biashara, kuanzia soko la Makoroboi hadi mwalo wa Kirumba. Lakini si lazima viuzwe. Mtoto anayetulia saa nzima na kazi ya mikono bila kushurutishwa amepata cha kumfurahisha, na kwangu hilo linatosha. Akitokea wa kuuza baadaye, heri yake.

Shanga hazina gharama. Tunachukua kalenda ya mwaka jana na kukata vipande virefu vya pembetatu. Unaanza kuviringisha upande mpana kwenye njiti ya ufagio, huku ukibana, ncha unaibandika kwa gundi, kisha unachomoa njiti. Ushanga unatoka umetuna katikati, na picha ya kalenda imegeuka mistari ya rangi. Ukipakwa vanishi unastahimili jasho. Tunazitunga kwa mshipi wa kuvulia samaki, ambao huku kwetu haukosekani.

Mkaa wa jikoni haufai sana kuchorea. Ni mgumu na unakwaruza karatasi. Tunatumia vijiti vyembamba vikavu vilivyomenywa maganda. Vinapangwa ndani ya kopo la bati lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo, kisha kopo linawekwa motoni. Moshi ukikoma kutoka tunduni, kopo linaepuliwa na kuachwa lipoe kabisa. Ukilifungua lingali la moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka na kuwa majivu. Hii ni kazi ya mtu mzima, watoto wakae pembeni. Mzabibu unasifika sana kwa mkaa wa kuchorea, kwa hiyo mwenye ndugu Dodoma atuombee matawi yanayopogolewa.

Darasa la Sita tuliwapeleka ufukweni wakachore Jiwe la Bismarck, lile mwamba lililosimama ziwani. Wengi walianza kwa mstari wa kulizunguka, likatoka kama kiazi. Mwalimu wao akawaambia waachane na mstari, walaze mkaa ubavu, wapake vivuli kwanza, halafu wafute palipopigwa na jua kwa kipande cha mkate. Ndiyo, mkate: ile sehemu laini ya ndani inanasa unga wa mkaa bila kuchubua karatasi, na wachoraji waliitumia kabla raba haijajulikana. (Mkate wa chai ukipungua nyumbani, mnajua wa kumuuliza.) Mtoto mmoja wa Mabatini alilipa jiwe kisogo akachora kwao: ukuta unaoishia kwenye mwamba, na ndoo za maji zimepangwa juu ya mwamba huo. Mchoro huo nimeuomba ubaki ofisini.

Likizo hii waacheni waendelee, ila mkague wanachookota. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri mno kwa macho, lakini ndani zina sumu kali. Zisitobolewe wala kutafunwa. Wanaotengeneza hereni za waya wa shaba watumie vipande alivyoacha fundi umeme, si waya ulioko nguzoni, na plastiki ichunwe kwa kisu na mkubwa. Isichomwe, moshi wake unadhuru. Shanga ziwekwe mbali na wadogo wanaotambaa.

Kuhusu mashati meupe, malalamiko yenu yamenifika. Kung'uteni vumbi la mkaa shati likiwa kavu kabla ya kulitia majini. Likilowa kwanza, doa linazama.

Wenye kalenda za zamani na mabaki ya mshipi wawape watoto waje navyo siku ya kufungua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu